Mkalimani Aliyesimama Nje ya Pazia

Watu wakimsifu Bethwel Khisa mbele yangu siku hizi, mimi hunyamaza, na wanaonijua wanajua kwamba nikinyamaza mambo si mazuri. Wanasema ni mtu wa watu. Wanasema hospitali yetu hapa Kitale haijawahi kupata mkalimani kama yeye. Ni kweli, na hilo ndilo linaloniudhi. Mtu mzembe akikosea unamwambia maneno mawili makali, unaendelea na kazi yako. Khisa alipokosea nilikosa pa kuiweka hasira yangu, na hadi leo bado ninatembea nayo.

Mimi ni nesi. Jina langu ni Rosaline Mwihaki, wodi ya upasuaji, mwaka wa kumi na tisa huu. Wazazi wangu walikuja Trans-Nzoia kutoka Nyeri kabla sijazaliwa, na nimekua nikicheza na watoto wa Kibukusu, nikaketi nao darasani na kuimba nao kwaya. Lakini nikitolewa kwenye salamu na bei ya mahindi, Kibukusu changu kinaishia hapo. Ni aibu, najua. Ndiyo maana Khisa alikuwa mdomo wangu kila siku.

Ni mtu wa upande wa Webuye. Ujanani alifanya kazi kwenye stoo ya kiwanda cha karatasi, akipokea vipuri vya mashine. Vipuri vilikuja na vitabu vya maelezo, na kila kitabu kilikuwa na maneno yaleyale kwa lugha nyingi: Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa, Kihispania. Wenzake walivichana kufungia njugu. Khisa alivisoma saa ya chakula. Lugha zenyewe hakuzijua, ila alikuwa na jicho. Aliona kwamba kwenye Kiingereza, mwandishi akishasema jambo kubwa na kuogopa msomaji amepotea, huweka herufi mbili zenye nukta, i.e., halafu anarudia lilelile kwa maneno ya kawaida. Akatafuta mahali hapohapo kwenye ukurasa wa Kijerumani, akakuta d.h. Kwenye Kifaransa akakuta c.-à-d. Kwenye Kihispania waliandika es decir, maneno mazima, na Khisa akasema hao hawana haraka. Yote aliyanakili kwenye daftari lenye jalada la buluu.

Fundi mmoja alimweleza kuwa ile i.e. si Kiingereza hata kidogo, ni Kilatini, lugha ya watu waliokwisha kufa zamani. Khisa alinihadithia hilo miaka mingi baadaye akiwa bado anashangaa. Waingereza, na majivuno yao yote, wakitaka kueleweka wanakopa kwa marehemu!

Sisi tuna yaani. Alidhani ni yetu peke yetu, mpaka siku aliyosimama kwenye duka la dawa hapa mjini, akamsikia Mhindi mwenye duka akiongea na mkewe kwa lugha yao, na katikati, yaani. Akauliza. Yule Mhindi akacheka, akamwambia hata wao walilipata kwa Waarabu kama sisi. Khisa alikuja wodini anakimbia kuniambia, ungedhani ameonana na ndugu aliyepotea. Kutoka kwangu alipata la Kikuyu, nĩ kuga atĩ, akaliandika na kulirudia mara tatu.

"Hii yenu ni refu," akaniambia, "lakini iko na adabu. Inabisha hodi kwanza."

Kazi ya kiwanda ilipokwisha alikaa nyumbani Bungoma miaka kadhaa pamoja na mkewe Fridah, ambaye anauza mitumba sokoni. Halafu akapata kazi kwetu, karani wa faili za wagonjwa. Nasema karani. Hakuna aliyemwajiri kuwa mkalimani, kwa sababu hospitali zetu hazina mkalimani. Mkalimani ni yeyote anayepita: mfagiaji, askari wa geti, mgonjwa wa kitanda cha pili. Hili nalo linanichoma. Sindano ina mwenyewe. Hata ndoo ya kupigia deki ina mtu aliyeitilia sahihi. Lakini mdomo wa kumwambia binadamu kitakachofanyiwa mwili wake tunauokota kwenye korido.

Khisa aliokotwa hivyohivyo, ila yeye alilichukulia jambo hilo kwa uzito. Daktari alipoandika kwenye faili neno refu, Khisa hakulibeba jinsi lilivyo. Alimsimamisha daktari hapohapo mlangoni.

"Yaani?" alikuwa akiuliza, kalamu mkononi.

Madaktari wapya walikasirika, kisha wakazoea. Mzee mmoja aitwaye Wahome, Mkikuyu kutoka shamba la nje ya mji, aliambiwa siku ambayo sikuwa zamu asitie kitu mdomoni kabla ya upasuaji. Alikubali kwa kichwa. Khisa alimtazama, hakuridhika, akaketi kitandani na kumwelezea kwa Kikuyu chake kibovu: yaani hata maji, yaani hata chai ya rangi, yaani hata ule ugoro ulio kwenye mfuko wa koti. Mzee akautoa ugoro. Bila Khisa angeuweka mdomoni, kwa sababu kwake ugoro si chakula. Sentensi moja ya daktari, Khisa aliigeuza kuwa tano au sita, na hakuna mgonjwa aliyetoka mikononi mwake akiwa gizani.

Aliniambia siku moja tukinywa chai: "Kabla ya yaani, mtu anaweza kujificha. Anasema maneno kubwa kubwa. Akishasema yaani, hakuna pa kujificha tena. Ile inafuata ndiyo kweli."

Nilimwamini. Mtu anayesema vile, wewe ungemshuku?

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Kila mwaka hospitali yetu huleta kambi ya upasuaji, wiki moja, madaktari wageni kutoka ng'ambo. Mwaka ule alikuja Mjerumani mmoja, mrefu, mpole, mwenye Kiingereza cha taratibu. Alimpenda Khisa tangu saa ya kwanza, maana Khisa alimwonyesha daftari lake na ile d.h. iliyonakiliwa Webuye. Foleni ilianzia getini. Makanisa yalileta watu kwa magari yao kutoka Cherangany, Kimilili, Tongaren. Nesi mwenzangu anayejua Kibukusu, Wilkista, alikuwa likizo ya uzazi. Kwa hiyo Khisa alikuwa kila mahali.

Katika akina mama wa Tongaren alikuwamo mmoja aitwaye Phelista Nanjala, umri wake miaka hamsini na minane, mkulima wa mahindi. Alikuwa na uvimbe kwenye titi la kulia. Vipimo vilikuwa vimerudi, ulikuwa saratani, na bado haujaenda mbali. Alikuja na wenzake wa kanisa tu. Watoto wake hakuwaambia. Nilimwandaa kitandani, nikavuta pazia, na kwa vile Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, nikamwita Khisa.

Khisa akaja, akaingiza kichwa, akakitoa. Yule mama naye akavuta leso hadi machoni na kugeukia ukuta. Niliona hayo yote mawili. Nikadhani ni haya za kawaida, mama wa kijijini na mwanamume asiyemjua.

"Nitaongea kutoka hapa nje," akasema Khisa.

"Kwa nini?"

"Ni sawa tu, sista. Atasikia."

Ningemuuliza tena. Nilikuwa na wagonjwa tisa kwenye orodha ya siku ile, na thieta walikuwa wameshanipigia simu mara mbili. Sikumuuliza.

Daktari akaketi kwenye kiti kando ya kitanda, akasema polepole, kwa namna nzuri kabisa, sina la kumlaumu. Alisema kwamba ugonjwa umeshika ndani ya titi lenyewe, hauwezi kubanduliwa pekee. Alisema atafanya upasuaji wa kuondoa sehemu yote, i.e., titi zima la kulia pamoja na tezi za kwapani. Alisema kidonda kitakuwa tambarare, chenye mshono mrefu. Alisema mgonjwa ana haki ya kukataa, au kwenda nyumbani kwanza kushauriana na watu wake. Kisha akamtazama Khisa kupitia uwazi wa pazia na kungoja.

Khisa alisema kwa Kibukusu sentensi moja. Mwishoni nikasikia yaani, kwa sababu wanapoongea haraka hulichanganya hilo la Kiswahili. Kisha kimya. Kisha maneno mengine mawili matatu, ya chinichini. Basi.

Mimi nilihesabu kwa masikio. Daktari alikuwa ameongea kama dakika mbili. Khisa yule wa sentensi moja kuwa sita, siku ile aligeuza sita kuwa moja. Nililisikia hilo waziwazi. Nilijua kuna kitu. Nataka lijulikane kwamba nilijua.

"Ameelewa?" daktari akauliza.

"Yes," akasema Khisa.

Mama akatia kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza penye nukta nilipomwonyesha. Khisa akaandika jina lake penye mstari wa mkalimani. Mimi nikatia sahihi ya shahidi. Tukamsukuma hadi thieta.

Upasuaji ulienda vizuri. Saa tisa alasiri alikuwa amerudi wodini na ameamka. Nilikuwa nikimpima presha mkono wa kushoto alipoupandisha ule wa kulia, taratibu kwa sababu ya maumivu, akauweka kifuani juu ya bendeji. Akabonyeza. Akausogeza huku na huku, kama mtu anayetafuta funguo gizani. Halafu akanitazama mimi.

"Sista," akasema kwa Kiswahili, "iko wapi?"

Nilivuta shuka, nikamfunika. Nilimwambia, kijinga, apumzike.

Nilishuka mbio hadi ofisi ya faili. Khisa hakuwepo. Alikuwa nyuma ya jengo akipiga simu, na nilisikia maneno ya mwisho, kwa Kiswahili: mama yako yuko hapa, ameshapasuliwa, njoo. Alipokata simu nikamuuliza alikuwa anaongea na nani.

"Fridah," akasema.

"Fridah anahusika vipi na mgonjwa wangu?"

Akaangalia viatu vyake. "Huyo ni mama yake."

Nilichukua muda kuelewa, na nilipoelewa nilitaka kumpiga kofi, nasema kweli tupu. Phelista Nanjala alikuwa mkwe wake. Mimi si Mbukusu, lakini nimeishi hapa maisha yangu yote, nawajua. Mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja wakatazamana. Hawashikani mikono. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi mwenzake apite. Neno titi, kati ya hao wawili, halipo duniani. Ndiyo maana alisimama nje. Ndiyo maana yule mama alifunika macho: aliijua sura na akanyamaza kwa heshima.

"Ulimwambia nini, Khisa?"

"Nilimwambia wataondoa ugonjwa wote."

"Halafu ukasema yaani."

"Nikasema yaani..." Akaigeuza simu mkononi. "Yaani yote yenye inafaa kutoka."

"Ungeniambia ni mkwe wako! Ningemtafuta mtu. Ningemleta mfagiaji. Ningekimbia hadi sokoni nimlete mwanamke yeyote!"

"Rosaline, watu walikuwa wengi. Nikasema kazi ni kazi, nitaweza. Kufika pale, mdomo ikakataa."

Ndipo nilipompigia kelele. Sikumbuki yote. Nakumbuka nilimwambia kwamba heshima yake ni ya bure, maana aliyeilipia ni mtu mwingine, kwa mwili wake. Nakumbuka watu waliokuwa kwenye foleni ya famasi waligeuka wote. Na nakumbuka kwamba kadiri nilivyompigia kelele ndivyo nilivyoiona sahihi yangu pale chini kwenye fomu.

Fridah alifika kutoka Bungoma asubuhi iliyofuata, kitambaa kichwani kimefungwa upande, hata hakupitia kwa mumewe. Alikaa na mama yake karibu saa nzima. Kisha akanijia kwenye meza ya manesi.

"Mama anauliza nani aliambia daktari akate. Yeye anasema hakuambiwa."

"Kuna fomu," nikasema.

"Nionyeshe."

Nilimpa. Fridah alisoma sekondari, Kiingereza anakijua. Alifuata maneno kwa kidole, akafika kwenye ile i.e. na kilichoifuata, akapumua kwa nguvu. Kidole kikashuka hadi kwenye alama ya wino ya mama yake. Kikashuka tena hadi mstari unaofuata, na hapo kikasimama. Mwandiko ule anauona kila mwezi kwenye madaftari ya watoto, mumewe anaporudi nyumbani kuyatia sahihi.

"Huyu ni Khisa," akasema.

Hakuwa ananiuliza.

"Alikuwa hapa? Mume wangu alikuwa hapa, akamwacha mama yangu akatwe bila kujua, na kwa simu akaniambia tu njoo?"

Alirudi wodini na fomu mkononi, nami nikamfuata. Alimsomea mama yake kwa Kibukusu, neno kwa neno. Yule mama alisikiliza akiangalia dari. Hakulia. Fridah alipomaliza, mama akasema neno fupi, na Fridah akashtuka na kutikisa kichwa. Mama akalirudia kwa sauti ya juu.

"Anataka aitwe," Fridah akaniambia. "Nimemwambia haiwezekani. Anasema aitwe."

Khisa alikuja kama mtu anayepelekwa kortini. Alifika kwenye pazia akasimama palepale alipokuwa amesimama jana yake, nje.

"Sista," mama akaniambia, "fungua hiyo kitambaa."

Nikalivuta pazia hadi mwisho. Khisa akainamisha kichwa. Fridah akaweka mkono mdomoni. Wodi nzima ya akina mama, vitanda kumi na viwili, ilikuwa inatazama, na wale wa Kibukusu miongoni mwao waliacha hata kukohoa.

"Nitaongea Kiswahili," akasema mama, "ndio huyu sista asikie. Yeye pia alikuwa hapa. Khisa, niangalie."

"Mama, si vizuri..."

"Niangalie!"

Akainua macho. Nadhani katika miaka ishirini na miwili ya ndoa ile hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

"Jana urisema yaani, ukanyamaza. Nirikuwa nangoja. Yaani nini?"

"Mama, nilikuwa naona aibu. Ni heshima..."

"Heshima imenikata. Sema. Yaani nini?"

Nilisikia gari la chakula likija koridoni na magurudumu yake mabovu. Jasho lilikuwa linamtiririka Khisa hadi kwenye kola.

"Yaani titi lako," akasema. "La kulia. Lote, na tezi za kwapa. Hakutabaki kitu, kutakuwa mshono. Na daktari alisema unaweza kukataa. Alisema unaweza kwenda nyumbani kwanza, uulize watu wako. Hiyo pia sikusema."

Lile la mwisho Fridah hakulijua. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda ghafla.

"Haya," akasema mama. "Kumbe unajua kuongea. Kesho daktari akikuja kusema mambo ya dawa, utasimama hapa ndani, karibu na kichwa yangu. Utasema yote. Mimi sitaki mtu mwingine, ni wewe."

"Mama, nisamehe. Niliogopa pia. Nilisema nikikuambia waziwazi utakataa, na ukikataa utakufa."

Hapo ndipo yule mama alipokasirika. Yale ya kwanza yote yalikuwa maandalizi tu. Alijiinua kwa kiwiko cha kushoto, mishipa ya shingo ikamsimama, nikaogopa mshono utafumuka nikamshika bega. Aliusukuma mkono wangu.

"Ningekubari!" akasema. "Nani amekuambia mimi ni mjinga? Hiyo kitu imenikura miezi nane, mimi ndio narara nayo, nirijua kitambo itatoka. Ningekubari jana hiyo hiyo. Rakini ningeishika kwanza. Ningekaa nayo hata dakika tano. Hiyo ndio irinyonyesha huyu bibi yako."